Haki ya Msanifu Majengo Isiyohama na Miliki

Miongoni mwa istilahi za sheria zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile ambayo mara nyingi huandikwa "haki za kimaadili". Msomaji aikutapo hudhani kuwa yahusu mwenendo mwema. Sivyo. Chimbuko lake ni Kifaransa, na katika sheria za Kifaransa neno hilo huhusu nafsi ya mtunzi kinyume cha mali yake.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ulilinda ramani na michoro ya usanifu, lakini si jengo lenyewe. Majengo yaliingizwa mjini Berlin mwaka 1908. Mwaka 1928, mjini Roma, kiliongezwa kifungu kisemacho kwamba mtunzi, hata akiisha kuhamisha haki zake za mapato, hubaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima au jina. Kenya ilijiunga na Mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994.

Ugumu wa haki hii kwa msanifu majengo ni kwamba jengo lina mwenyewe, na lina watumiaji. Mshairi hana shida hiyo. Mjini Bilbao, Hispania, Santiago Calatrava alisanifu daraja la waendao kwa miguu, lililofunguliwa mwaka 1997. Baadaye halmashauri ya mji iliruhusu ukingo wake ukatwe ili kuunganishwa na njia iliyosanifiwa na Arata Isozaki. Calatrava alishtaki. Mwaka 2007 mahakama ilikiri kuwa haki yake imeguswa, lakini ikatanguliza manufaa ya umma. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ilimpa fidia ya euro 30,000. Njia ile haikuondolewa.

Halmashauri ndiyo iliyomiliki daraja, na hata hivyo ilidaiwa. Hapo ndipo hata neno letu "hakimiliki", zuri kama lilivyo, linapopwaya: haki inayozungumzwa hapa si ya miliki kabisa. Sisi twaona "haki za heshima ya mtunzi" yakaribia zaidi maneno ya kifungu cha Roma. "Haki za kimaadili" limekwisha kuota mizizi maofisini. Kwa hiyo, kwa sasa, mfasiri na aliweke katika mabano mara ya kwanza tu, kisha aendelee na hilo tulilopendekeza.