Mguu wa Kiboko Mjini London

Mwanzoni mwa Januari 1934, wataalamu wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya South Kensington, London, waliletewa nyayo zilizochukuliwa kwa plasta kutoka ukingo wa ziwa la Loch Ness, huko Uskochi. Gazeti la Daily Mail lilikuwa limemwajiri mtu mmoja, Marmaduke Wetherell, kwenda kumsaka mnyama wa ajabu aliyesemekana kuishi katika ziwa hilo, na haikumchukua Wetherell siku nyingi kurudi na habari kwamba ameona alama za miguu yake. Nchi nzima ilingoja hukumu ya Makumbusho. Ilipotoka, ilikuwa fupi na ya aibu: hizi ni nyayo za kiboko. Tena zote zimepigwa kwa mguu mmoja tu, na inaelekea mguu wenyewe ni mkavu.

Katika nyumba za mabwana wa enzi ile, mguu wa kiboko uliokaushwa ulikuwa pambo la kawaida. Ulitobolewa juu ukawekewa miavuli mlangoni, au ukafanywa kisahani cha majivu ya sigara. Mguu huo ulitoka Afrika, ukasafiri kwa meli, ukakaa sebuleni miaka kadhaa, kisha ukachukuliwa kwenda kukanyaga matope ya Uskochi na kumzaa mnyama mpya. Mvuvi yeyote wa Rufiji au wa Mto Tana angeitambua alama ile ya vidole vinne kwa kuitupia jicho, na pengine angeuliza njia iko wapi, kwa maana kiboko akipita huacha vijia viwili sambamba na kijituta katikati, haachi nyayo nne tano nadhifu zinazofaa kuchorwa gazetini. Lakini mvuvi wa Rufiji hakuulizwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu nitalirudia.

Wetherell hakuwa mgeni wa Afrika wala wa kamera. Alijitangaza kuwa mwindaji wa wanyama wakubwa, na mwaka 1925 aliongoza filamu juu ya maisha ya David Livingstone, yeye mwenyewe akimwigiza mmisionari huyo. Baada ya fedheha ya nyayo, gazeti lilimgeuka na kumcheka. Kwa mujibu wa maungamo yaliyotolewa miongo mingi baadaye na Christian Spurling, mtoto wake wa kambo, Wetherell aliamua kulipiza kisasi: wanataka mnyama, basi watampata. Spurling alichonga kichwa na shingo ndefu, akavibandika juu ya nyambizi ya kuchezea watoto, chombo kikaelezwa majini, picha ikapigwa.

Ujanja mkubwa zaidi haukuwa katika uchongaji. Wetherell alijua kwamba jina lake limekwisha kuchafuka, hivyo picha ilipitishwa kwa rafiki hadi kwa Robert Kenneth Wilson, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake wa London, naye ndiye aliyeipeleka gazetini. Daily Mail iliichapa tarehe 21 Aprili 1934, na hata leo inajulikana kama picha ya daktari mpasuaji. Ilikuwa imekatwa pembeni; katika picha kamili, eneo la maji ni pana na yule mnyama anaonekana mdogo mno kati ya mawimbi yake mwenyewe. Wahenga wetu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka sitini: Spurling alikiri akiwa na umri wa miaka tisini, akafa mwaka 1993, na habari kamili ikatangazwa mwaka 1994. Watu waliamini maandishi yaliyo chini ya picha kuliko picha yenyewe, na maandishi yale yalisema daktari.

Biashara hii ya kughushi wanyama ilikwisha kukomaa kabla ya Wetherell, na Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo ya malighafi zake. Theodore Roosevelt, alipokuwa bado rais wa Marekani, aliandika mwaka 1907 kuwashambulia waandishi waliobuni visa vya wanyama na kuviuza kama elimu. Miaka miwili baadaye alishuka Mombasa kwa safari yake ya uwindaji. Huku nyuma, kampuni ya Selig ya Chicago ikanunua simba mzee, ikamtafuta mwigizaji anayefanana naye, ikawavalisha watu weusi wa mji huo mavazi ya wapagazi, na simba akapigwa risasi ndani ya studio. Filamu ilitoka mwaka 1909 na kujaza kumbi. Cherry Kearton, Mwingereza aliyekuwapo Afrika Mashariki na kumpiga Roosevelt picha za kweli, alitoa filamu yake mwaka 1910, na watazamaji wakaona imepoa. Simba wa kweli walikuwa mbali, hawakuonekana vizuri, wala hawakufa kwa wakati uliotakiwa.

Wapagazi wa kweli walioandamana na misafara hiyo, waliobeba mizigo na pembe na ngozi kutoka nyanda za juu hadi stesheni ya reli, walijua ni nani aliyemuua mnyama gani, wapi, na kwa risasi ngapi. Wamo katika picha nyingi, wamesimama nyuma ya mzoga, lakini katika kumbukumbu za London hawasikiki kama mashahidi. Na hapo ndipo inaponibidi kumleta mtu ambaye hakughushi picha, bali alighushi kitu kinachofanya kazi ileile.

Richard Meinertzhagen aliwasili Kenya mwaka 1902 akiwa afisa wa King's African Rifles. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa takribani miaka kumi. Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa pale pale pamoja na wenzake kadhaa. Meinertzhagen alisema alikuwa akijihami dhidi ya shambulio la kuvizia. Wanandi walisema ni hila na mauaji. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya kijeshi yalikaa, yakamsafisha afisa. Hata hivyo mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki, jambo linaloonyesha kwamba wakubwa wake hawakuwa na utulivu kama hukumu zilivyotaka ionekane.

Alirudi Uingereza, akapanda cheo hadi kanali, na akajijengea jina la pili kama mtaalamu wa ndege. Hapa msomaji asiyezoea makabati ya makumbusho anahitaji maelezo kidogo. Ndege wa utafiti huhifadhiwa ngozi na manyoya yake, hujazwa pamba, na mguuni hufungwa kibandiko chenye jina la mahali, tarehe na aliyemkusanya. Bila kibandiko, ngozi ni manyoya tu. Pamoja nacho, ngozi ni ushahidi kwamba ndege wa namna hii alikuwapo mahali fulani siku fulani. Ni aina ya picha, tofauti tu ni kwamba mwili wenyewe umo ndani yake.

Meinertzhagen aliiba ngozi za ndege kutoka makumbusho, ile ya London ikiwa ya kwanza, akaondoa vibandiko vya wenyewe, akafunga vyake vyenye mahali na tarehe za kubuni. Mwaka 1954 mkusanyiko wake wa ngozi karibu 20,000 ulipewa Makumbusho ileile, kwa hiyo baadhi ya mali zilirudi nyumbani zikiwa na majina mapya na shukrani juu. Alikufa mwaka 1967 akiwa na heshima zake. Katika miaka ya 1990 ndipo Alan Knox, kisha Pamela Rasmussen na wenzake, walipoanza kuzifungua ngozi hizo kama fundi cherehani anavyofumua nguo ya mwenzake. Kila mkaushaji wa ndege ana mkono wake: namna ya kushona, kiasi cha pamba, jinsi mabawa yanavyolazwa. Eksirei zilionyesha kwamba ndege waliodaiwa kukusanywa na kanali walikuwa na mshono wa watu wengine, wengi wao waliokufa zamani.

Madhara hayakuishia kabatini. Kulikuwa na bundi mdogo wa misitu ya India ambaye hakuna mtaalamu aliyemwona hai tangu mwaka 1884. Kibandiko cha Meinertzhagen kilidai kwamba yeye alimpata Gujarat mwaka 1914, na kibandiko hicho kikawavuta watafutaji kwenda mahali pasipo na bundi. Rasmussen alipogundua kwamba ngozi ile iliibwa kutoka kwa mkusanyo wa karne ya kumi na tisa, aliutupa ushahidi wa kanali, akaenda na wenzake mahali pengine, na Novemba 1997 wakamwona bundi akiwa hai.

Linalonisumbua zaidi ya wizi wenyewe ni kwamba Makumbusho yalijua. Mwaka 1919 Meinertzhagen alipigwa marufuku kuingia chumba cha ndege kwa kuchukua vielelezo bila ruhusa. Marufuku yale yalidumu kama mwaka mmoja na nusu, kisha Walter Rothschild, bwana mwenye nguvu katika elimu ya ndege, akamwombea, naye akarudishwa. Wafanyakazi waliendelea kumshuku kwa miongo. Hakushtakiwa. Taasisi ileile iliyomkana Wetherell hadharani, na mguu wake wa kiboko, ilimvumilia kanali hadi kaburini. Wetherell alikuwa mtu wa filamu na magazeti, mtu wa kuchekwa. Meinertzhagen alikuwa mwenzao.

Wala haifai kusema kwamba hakuna aliyejua tabia ya mtu huyu. Wanandi walikuwa wameshasema tangu 1905 kwamba anadanganya, na mabaraza matatu yalilipima neno lao dhidi ya neno la afisa. Sidai kwamba wataalamu wa ndege wa mwaka 1919 walipaswa kusoma mafaili ya jeshi. Ninachodai ni kwamba mizani iliyotumika Nandi na ile iliyotumika chumba cha ndege ilikuwa moja: cheo kiliwekwa upande mmoja, na upande wa pili ukapanda juu kabla ya ushahidi kuwekwa.

Makumbusho ya South Kensington leo huendesha shindano maarufu kuliko yote duniani la picha za wanyamapori, na hapo yamekwisha kujaribiwa upya. Mshindi wa mwaka 2009, Mhispania José Luis Rodríguez, alileta picha ya mbwamwitu akiruka lango usiku. Wapiga picha wengine walidai kwamba mbwamwitu yule si wa porini, ni Ossian, mnyama wa hifadhi ya kulipia karibu na Madrid aliyezoea watu. Januari 2010 waamuzi walimwondolea ushindi pamoja na tuzo ya pauni 10,000, mwenyewe alikana. Miaka minane baadaye ikawa zamu ya Marcio Cabral wa Brazil na picha ya mnyama mla mchwa akikaribia kichuguu kinachong'aa usiku katika hifadhi ya Emas. Mtu mmoja alitoa taarifa kwamba mnyama huyo anafanana mno na yule aliyekaushwa anayekaa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi hiyohiyo. Makumbusho yaliwapa kazi wanasayansi watano, kila mmoja peke yake. Wote walisema ni mmoja: mabaka yaleyale, vishungi vilevile vya manyoya, mkao uleule. Cabral alikana pia, akatoa faili nyingine za usiku ule, na hakuna hata moja iliyomwonyesha mnyama. Aprili 2018 picha ikaondolewa ukutani.

Wapo waliosema kwamba visa hivi viwili viliivunjia taasisi heshima. Mimi naona kinyume. Kudanganywa si aibu ya kudumu kwa mwenye kudanganywa, madhali anafungua kabati mwenyewe na kuwaita wanaojua kuliko yeye. Katika kesi zote mbili waliosikilizwa walikuwa watu waliomfahamu mnyama kwa sura. Hilo halikutokea London mwaka 1919, na huko Nandi mwaka 1905 wenyeji walisema wakapuuzwa.

Mwaka 2006 fimbo tatu za Koitalel, ambazo Meinertzhagen alizichukua siku ya mauaji, zilitoka mikononi mwa mwanawe huko Uingereza zikarudishwa Kenya. Fimbo hizo hazikuwa na kibandiko cha uongo. Kichwa cha Koitalel, ambacho wazee wa Kinandi wanasema kilikatwa na kupelekwa Uingereza, bado wanakidai.