Kutoka Malishoni hadi Horini: Historia ya Lishe ya Ng'ombe katika Nchi ya Manga

Ukingo wa Manga, mwamba mrefu unaoinuka juu ya mji wa Kisii na kuikabili nchi inayoteremka kuelekea Ziwa Viktoria, umo katika Kaunti ya Nyamira nchini Kenya, lakini historia yake ni ya jamii ya Abagusii kwa jumla, na hasa ya watu wa Kitutu, tawi mojawapo la jamii hiyo, waliokaa kandokando yake kabla mipaka ya wilaya na kaunti haijachorwa. Katika nchi hiyo ng'ombe amelishwa kwa njia mbili zisizofanana: hapo kale alijitafutia chakula katika malisho ya wazi, na baadaye alifungiwa zizini akaletewa kila kitu horini, yaani katika chombo cha mbao au saruji kinachotiwa chakula cha mifugo. Mabadiliko hayo, yaliyochukua miaka 80 hivi, huelezwa kwa kawaida kuwa ni maendeleo ya ufugaji. Pengine ni sahihi zaidi kuyatazama kama kuhama kwa jukumu, kwa sababu kazi ya kuchagua chakula ilimtoka mnyama ikamwangukia binadamu, ambaye hadi wakati huo hakuwa amewahi kulazimika kuijua.

Kabla ya utawala wa Waingereza, sehemu kubwa ya ng'ombe wa Abagusii haikulala katika boma za familia bali katika ebisarate (umoja wake ni egesarate), kambi za ng'ombe zilizolindwa na vijana ambao hawajaoa, walioitwa abamura. Sababu kuu ya mpango huo ilikuwa usalama, maana wavamizi, wakiwamo majirani wa Kipsigis, walikuja kutafuta ng'ombe kwanza, na mali iliyokusanywa mahali pamoja chini ya mikuki mingi ililindika kuliko iliyotawanyika nyuani. Hata hivyo mpango huo wa vita ulikuwa pia mpango wa lishe, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Kambi zikiwa mbali na mashamba ya wimbi, kundi lilitembea kutwa nzima, likala nyasi za aina nyingi, magugu na majani ya vichaka, likachagua majani machanga na kuacha mabua magumu. Mchungaji alihitaji kujua penye maji, penye adui na penye nyasi zilizopumzika. Uwiano wa chakula chenyewe ulikuwa kazi ya ulimi wa ng'ombe. Ng'ombe hao wadogo wenye nundu hawakutoa maziwa mengi, na wala hawakufugwa kwa ajili ya maziwa peke yake, kwa kuwa walikuwa pia mahari, fidia na akiba ya ukoo.

Kituo cha utawala kilianzishwa Kisii mwaka 1907, na Januari 1908 mpiganaji wa Kigusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza, tendo lililofuatwa na msafara wa kijeshi ulioua watu, ukachoma nyumba na kuteka maelfu ya ng'ombe. Karibu mwaka 1912 serikali ikapiga marufuku ebisarate, kwa hofu kwamba vijana wenye silaha waliokusanyika kambini wangeweza kuleta upinzani mwingine. Hoja ya amri hiyo ilikuwa ya kiaskari tu, lakini matokeo yake kwa mifugo yalikuwa makubwa kuliko ya mpango wowote wa kilimo uliokuja baadaye: ng'ombe walirudishwa nyumbani, wakawa wanachungwa na watoto badala ya abamura, tena katika eneo ambalo jembe lilikuwa tayari limelizunguka.

Kuanzia hapo malisho yalipungua kidogo kidogo, kila zao jipya likimega sehemu yake. Kahawa ya wakulima Waafrika iliruhusiwa Kisii katika miaka ya 1930, na pareto na chai zikafuata katika miaka ya 1950, wakati ambapo Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikuwa unawahimiza wakulima wa Kenya kupima mashamba, kupanda mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa gredi, yaani wenye damu ya mifugo ya Ulaya. Umbo la mashamba yenyewe liliongeza dhiki hiyo. Shamba la Mgusii kwa kawaida ni ukanda mwembamba unaoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi kijito, na kila mara baba alipowagawia wanawe, ukanda ulipasuliwa kwa urefu ili kila mmoja apate mlima na bonde. Sehemu ya chini yenye chepechepe, iliyokuwa malisho ya wote wakati wa kiangazi, ikapandwa mikaratusi. Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Marekani waliofanya kazi Gusii katikati ya miaka ya 1950, bado waliwakuta wavulana wadogo wakichunga, lakini shule ilikuwa imeshaanza kuwachukua, na kundi lisilo na mchungaji halina budi kufungwa kamba. Ng'ombe wa kamba hula nyasi zilizo ndani ya mduara wake, hata kama ni mbovu, na hapo ndipo uchaguzi ulipoanza kumponyoka, miaka mingi kabla ya zizi.

Jani lililokuja kuziba pengo hilo la malisho ni nepia, ambalo Tanzania hujulikana zaidi kama mabingobingo, nyasi ndefu ya asili ya Afrika iliyopata jina lake kutokana na Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwahimiza wataalamu wa Rhodesia waijaribu kama chakula cha mifugo. Katika miteremko mikali kama ya Manga, nepia ina faida mbili, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo wa matuta na majani yake hukatwa tena na tena. Mradi wa Taifa wa Maendeleo ya Maziwa, uliofadhiliwa na Uholanzi kati ya 1980 na 1995, ulieneza nchini Kenya ramani za mazizi na mafunzo ya kufugia ndani. Lakini ni vigumu kukubali kwamba wataalamu ndio waliomfungia ng'ombe wa Manga. Aliyemfungia ni uhaba wa ardhi, na wataalamu walimkuta mlangoni.

Kilichofuata kilikuwa hesabu ngeni. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, kwa sababu karibu nne kwa tano ya jani hilo ni maji, na mzigo huo hubebwa mara nyingi na wanawake, juu ya kazi zao nyingine zote. Kwa kuwa mzigo huhesabika kwa macho na ubora hauhesabiki hivyo, wakulima wengi waliiacha nepia irefuke ili wapate majani mengi, wakati protini, kirutubisho kinachojenga mwili na maziwa, hupungua kwa kasi jani linapopita urefu wa mita moja hivi na bua kukomaa. Kiangazi kilipobana, horini mlitiwa mabua ya mahindi, na mashina ya migomba ambayo sehemu yake kubwa ni maji matupu. Ng'ombe akashiba na kukonda, hali ambayo mchungaji wa egesarate asingeielewa kwa urahisi.

Tatizo hilo humpata kila mla majani anayeondolewa katika pori lake. Iguana, mjusi mkubwa wa Amerika ya Kati na Kusini, alipokuwa mnyama wa kufugwa nyumbani huko Marekani na Ulaya, wengi walimlisha saladi laini, au hata chakula cha mbwa, naye akaugua mifupa kwa kukosa kalsiamu, yaani madini yanayoimarisha mifupa, pamoja na jua la kumwezesha kuyatumia. Ng'ombe wa gredi ana ugonjwa wake wa kalsiamu, homa ya maziwa, ambayo humwangusha mara baada ya kuzaa kwa kuwa maziwa huyachota madini hayo upesi kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha katika damu. Chumvi ya madini nayo imekuwa bidhaa ya kila duka la pembejeo.

Amerika ya Kati hiyohiyo ndiyo nchi ya asili ya kaliandra, kichaka cha jamii ya kunde ambacho watafiti walikifanyia majaribio Embu katika miaka ya 1990 na kuona kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinakaribia thamani ya kilo 1 ya chakula cha madukani cha ng'ombe wa maziwa. Vichaka 500 hivi, ambavyo humtosha ng'ombe mmoja, vinaweza kupandwa kwenye ua na kingo za matuta bila kuchukua nafasi ya mahindi, na katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 605,576 kwenye kilomita za mraba 897, hiyo si sifa ndogo. Kimsingi kaliandra ilirudisha horini kile kichaka ambacho ng'ombe alikuwa akikichuma mwenyewe njiani. Desmodiamu, mmea mwingine wa jamii ya kunde, ilienezwa magharibi mwa Kenya na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kuanzia mwaka 1997. Hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza nondo wanaozaa viwavi wanaotoboa mabua, na nepia huzungushwa pembeni ili kuwavuta, kisha yote mawili hukatwa yakawa chakula cha ng'ombe.

Mwaka huohuo wa 1997 ugonjwa wa kudumaa kwa nepia uliripotiwa Bungoma, kisha ukaenea magharibi mwa nchi ukibebwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na kwa vipandikizi ambavyo majirani hupeana kwa wema. Shina lililoambukizwa huota majani membamba ya manjano, na kila likikatwa huchipua dhaifu zaidi, hata mtu aliyetegemea nyasi moja hujikuta hana cha kukata. Katika nchi ambamo nyasi hazikuwa na bei, nepia sasa huuzwa kwa mzigo au kwa kipande cha shamba, na wenye ng'ombe wasio na ardhi ya kutosha huinunua kwa fedha za maziwa ya ng'ombe yuleyule.