Kitabu Kilifika Kabla ya Maabara

Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya Dodoma kwenda Arusha hukutana hapo na ile ya Singida, chini ya Mlima Kwaraa, jirani na ziwa lenye viboko. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu. Hata hivyo, kijana wa hapa aliyemaliza kidato cha nne na kuitaka PCM (fizikia, kemia na hisabati) alizoea kupangiwa shule ya mbali, akapanda basi na tranka lake. Aliyekosa nafasi alibaki na swali zito: fizikia ya kidato cha tano na sita inasomeka nyumbani?

Kwa kanuni, mlango ulikuwepo. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hupokea watahiniwa wa kujitegemea. Namba za vituo vyao huanza na herufi P, za wanafunzi wa shule na S. Vitabu navyo vilisafiri. "Advanced Level Physics" cha Nelkon na Parker, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1958, kimepita mikono ya vizazi vya wanafunzi nchini, na wengi hukiita Nelkon tu.

Kilichokwamisha ni mtihani wa vitendo.

Habari za Erasto Mpemba zinaeleza vizuri kwa nini. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto aliyoyaweka kwenye friji yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu hakumsadiki. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akajaza bika mbili ndogo, moja maji ya bomba na nyingine maji yanayochemka, akaziweka kwenye friji. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha matokeo yao. Mpemba alijifunza kwa udadisi wake, lakini friji na bika alizikuta shuleni.

Nyumbani Babati, mengine yanawezekana. Uzi wa mita 1 na jiwe dogo hutosha kupima mvutano wa dunia: jiwe likienda na kurudi mara 10, saa husoma takribani sekunde 20. Galvanometa na prizimu ni jambo jingine; hizo haziokotwi kando ya ziwa.

Ndiyo maana kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014, iliwagusa hata wasiovaa sare. Wananchi walichangia ili shule ziwe na vyumba vya fizikia, kemia na baiolojia. Leo anayepima kama ajisomee fizikia hapa Babati ana la kuuliza kabla hajalipa ada ya mtihani: ni shule gani itamfungulia maabara, siku zipi, na nani atasimama naye mezani anapounganisha waya.