Rokeya na basi lenye mapazia

Begum Rokeya Sakhawat Hossain alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, Rangpur, wakati Bengal ilipokuwa chini ya Waingereza. Nyumba yao ilikuwa ya mali na ardhi, na wanawake wake walitawishwa. Kaka zake walipelekwa kusoma Calcutta. Yeye alibaki ndani na masomo ya dini. Kibengali alifundishwa na dada yake Karimunnesa. Kiingereza alikipata usiku, wazee wakishalala, kaka yake Ibrahim akimfundisha kwa mwanga wa mshumaa.

Mumewe, Sakhawat Hossain, ofisa wa serikali huko Bhagalpur, alikuwa mgane aliyemzidi umri sana, lakini ndiye aliyemhimiza aandike. Alipofariki mwaka 1909 alimwachia rupia 10,000 za kuanzisha shule ya wasichana. Rokeya aliifungua mwaka huohuo kwa wanafunzi 5. Ugomvi wa mirathi ukamhamisha, na tarehe 16 Machi 1911 akaianza upya Calcutta, safari hii kwa wasichana 8.

Kilichomsumbua kuliko masomo yenyewe ni njia ya kutoka nyumbani hadi darasani. Mzazi gani wa ukoo wenye heshima angekubali bintiye aonwe barabarani? Basi la shule likazibwa pande zote. Ndani hapakuwa na hewa. Watoto wakatapika, wengine wakazirai. Vizuizi vikaondolewa, yakatundikwa mapazia. Hapo zikaja barua za malalamiko: upepo unapeperusha mapazia, wasichana wanaonekana, na Rokeya asiporekebisha ataanikwa magazetini. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika Abarodhbasini, kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu mateso ya wanawake waliotawishwa.

Mwanamke huyo aliyeandika kwa ukali namna hiyo alijisitiri hadharani, na alipita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi. Sioni unafiki hapo. Angelivua vazi lake, wazazi wangewatoa mabinti zao, na kalamu yake ingebaki bila msomaji wa kike. Alistahimili pazia ili watoto wa watu wafike darasani, na huo ni ujasiri usiosifiwa vya kutosha.

Alifariki Calcutta tarehe 9 Desemba 1932. Shule yake ingali inafundisha wasichana katika jiji hilo, na kila tarehe 9 Desemba Bangladesh huadhimisha Siku ya Rokeya.