OK: Neno Lililozaliwa Katika Mzaha wa Magazeti

Ni maneno machache ya Kiingereza yaliyoenea duniani kama OK, ambalo katika mazungumzo ya kila siku huonyesha kukubali, huthibitisha kwamba jambo limesikika, au hueleza hali isiyo mbaya wala nzuri sana. Chimbuko lake lilibishaniwa kwa miongo mingi, mpaka Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mtaalamu wa isimu, yaani taaluma ya lugha, alipochapisha matokeo ya upekuzi wake katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964.

Read alionyesha kwamba neno hilo lilichapwa katika gazeti la Boston Morning Post la Machi 23, 1839, wakati waandishi wa mji huo walipopenda kufupisha mafungu ya maneno kwa herufi za mwanzo, tena huku wakiyaendeleza kimakosa kwa makusudi, hata "all correct", yaani "yote ni sahihi", ikawa "oll korrect" na kufupishwa O.K. Vifupisho vingi vya mzaha huo vilikufa upesi, lakini hiki kiliokolewa na siasa. Katika uchaguzi wa 1840, wafuasi wa Rais Martin Van Buren walimwita Old Kinderhook, kwa jina la mji alikozaliwa katika jimbo la New York, wakaunda klabu ya O.K.; wapinzani nao wakajibu kwamba herufi hizo zilianzishwa na Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, kwa kutojua kuendeleza maneno. Van Buren alishindwa, ila neno lilikuwa limekwisha kuenea, na baadaye wapiga telegrafu wakalitumia kuthibitisha kwamba ujumbe umepokewa.

Yapo pia maelezo mengine ya chimbuko la neno hilo. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" kwenye nyaraka alizoidhinisha, akiamini kwamba neno ni la Wachoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Naye mwanaisimu David Dalby alilihusisha na "waw kay" ya Kiwolof, lugha ya Senegal, kupitia Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Dai hili halifai kubezwa, kwa kuwa usemi wa watu hao haukuhifadhiwa ipasavyo katika maandishi ya zama zao. Hata hivyo, mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa nasaba ya neno, ilhali machapisho aliyoyakusanya Read yanafuatana kwa tarehe, toka Boston hadi kampeni za Van Buren.