Kutoka Pipa hadi Tanki: Historia Fupi ya Kuingia katika Udereva wa Mafuta

Utangulizi

Historia ya usafirishaji katika Afrika ya Kati imeandikwa zaidi kwa upande wa reli, bandari na madini. Dereva hutajwa kwa nadra, na dereva wa gari la tanki kwa nadra zaidi, ingawa mitambo ya migodi na majenereta ya miji yanamtegemea yeye. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu alivyoingia katika kazi hiyo kwenye njia zinazounganisha pwani ya Bahari ya Hindi na nchi za bara, hasa Zambia na Kongo. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba njia ya zamani ya kujifunza, yaani kukaa miaka kando ya dereva mzoefu, haiwezi kuachwa, lakini haitoshi tena peke yake.

1. Shule ya kando ya usukani

Maneno yenyewe yanatoa ushahidi. Upande wa Tanzania na Kenya anayeendesha gari huitwa dereva, neno la asili ya Kiingereza. Huku Kongo husikika zaidi shofere, kutoka Kifaransa, ambako maana yake ya kwanza ni mtu anayetia moto: jina lililorithiwa kutoka enzi ya mitambo ya mvuke. Chini ya dereva alikuwapo msaidizi. Watanzania humwita utingo au taniboi. Katika Kongo ya Wabelgiji aliitwa boi-shofere. Neno boi lilikuwa na dharau ya kikoloni, kwa kuwa lilimfanya mtu mzima kuwa mtoto. Hata hivyo, nafasi hiyo iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa mlango wa kazi.

Msaidizi aliosha gari, alitega mawe nyuma ya magurudumu mlimani, alibadilisha tairi na kulinda mzigo usiku. Malipo yalikuwa madogo, na pengine yalikuwa chakula tu. Ada ya shule yake ilikuwa jasho. Kwa kawaida alipewa kwanza kusogeza gari uwanjani, kisha kuliendesha tupu penye tambarare, na mwisho kabisa kuteremka mlima na mzigo. Aliyemwamulia kwamba amehitimu alikuwa dereva mwenyewe. Leseni ya serikali ilifuata baadaye, nayo ilithibitisha tu ujuzi uliokwisha kupatikana.

2. Mafuta katika mapipa, 1965–1968

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Uingereza ilipoweka vikwazo vya mafuta mwezi Desemba, Rhodesia nayo ilikata mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake kwenda Zambia. Nchi changa yenye migodi mikubwa ya shaba ilijikuta haina petroli. Ndege zilitumika kuiokoa: za Uingereza ziliruka kutoka pwani, na za Marekani zilipeleka mafuta kutoka Léopoldville hadi Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, ili yavushwe mpaka kuingia Zambia. Lakini mafuta ya ndege ni ghali mno. Mzigo mkubwa uliangukia barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma.

Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Wakati wa masika iligeuka matope, na wakati wa kiangazi vumbi lilimficha dereva asimwone mwenzake. Ajali zilikuwa nyingi hata Waingereza wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilishirikiana na Waitalia kuunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake yakapeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba.

Jambo la kuzingatia ni chombo kilichotumika. Malori mengi yalibeba mapipa ya lita 200 hivi, yaliyofungwa kwa kamba juu ya bodi ya kawaida. Pipa lililojaa halitofautiani sana na gunia: likifungwa vema, halitikisiki. Kwa hiyo aliyejua kubeba mahindi aliweza kubeba petroli bila masomo mapya. Dharura ilifungua mlango, na vijana waliokuwa wasaidizi walipewa usukani mapema.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifika Ndola, na shida ya Zambia ikapungua. Lakini bomba lilikoma Ndola. Upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa, kama ilivyo Kivu, barabara iliendelea kuhitaji watu wake.

3. Tanki na elimu yake

Lori la tanki lilipochukua nafasi ya mapipa, kazi yenyewe ilibadilika. Mafuta ndani ya tanki hayatulii. Dereva akikanyaga breki, mafuta huendelea mbele na kulisukuma gari. Akikata kona, huegemea upande na kutaka kulipindua. Ndiyo sababu tanki hugawanywa vyumba, na ndani yake huwekwa kuta zenye matundu ili kupunguza mawimbi. Kinyume cha anavyodhani mgeni wa kazi, chumba kilichojaa nusu husumbua zaidi njiani kuliko kilichojaa vema. Kadhalika, tanki lililomwagwa petroli yote si salama, kwa maana mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Wakati wa kupakia, ni lazima gari liunganishwe na ardhi kwa waya, ili umeme unaozaliwa na mwendo wa mafuta usitoe cheche.

Mambo haya hayaonekani kwa macho. Utingo anaweza kukaa miaka 10 kando ya dereva asiyeyajua, akarithi ujasiri pamoja na ujinga. Hapa ndipo shule ya kando ya usukani inapofikia mpaka wake. Mkataba uliotiwa sahihi Geneva mwaka 1957 kuhusu usafirishaji wa bidhaa za hatari barabarani, kwa namna unavyotumika leo, humdai dereva wa tanki cheti maalum, chenye masomo na mtihani, kinachodumu miaka 5 tu.

4. Funzo la Sange

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini, katika barabara ya Uvira na Bukavu. Mafuta yalimwagika, watu wakakusanyika, wengine wakaja kuyachota, kisha moto ukazuka. Walikufa zaidi ya watu 230. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia katika vibanda vya jirani, ambao hawakugusa hata tone.

Msiba huo unaonyesha kwamba tanki likisha kupinduka, jambo si la dereva peke yake. Kazi yake ya kwanza ni kuwaondoa watu, na ili wamsikie inambidi aseme lugha wanayoielewa. Kwenye njia hizi lugha hiyo ni Kiswahili.

Hitimisho

Kwa ufupi, pipa lilimwezesha dereva yeyote kuwa dereva wa mafuta, bali tanki limedai mtu aliyeandaliwa. Kijana anayeanza leo bado anahitaji mwalimu wa barabarani, atakayemfundisha mlima na matope. Lakini anastahili pia mafunzo ya mvuke, cheche na mawimbi, kwa Kiswahili safi, kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Kuyaandika mafunzo hayo ni deni la wanaisimu kama lilivyo deni la wahandisi.