Ofafa Gani?

Mwambie mtu wa boda akupeleke Ofafa. Hatawasha pikipiki kabla ya kukuuliza: "Ofafa gani?" Maana iko Ofafa Jericho, iko Ofafa Maringo, iko pia Ofafa Kunguni. Zote zimebeba jina la mtu mmoja, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Luo Union nao walimjengea ukumbi wa kumbukumbu kule Kisumu. Mbotela, mtaa wa karibu, una jina la Tom Mbotela aliyeuawa 1952. Wakubwa wa jiji waliwakumbuka wafu wao kwa nyumba za kupangisha, na jina moja likagawiwa mitaa mitatu. Kazi ya kutofautisha wakaachiwa wapangaji, ambao siku hizi husema Jericho au Maringo tu, basi.

Baadaye zikaja namba. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa pesa za shirika la maendeleo la Uingereza, fezi moja baada ya nyingine hadi tano. Dandora, mradi wa Benki ya Dunia wa viwanja kama 6,000, nayo ikagawanywa kwa fezi. Sasa mtu akikupigia usiku, "Kuja haraka, niko Fezi 4," unamkimbilia wapi?

Nimeuliza swali hilohilo kazini. Tulikuwa tunalinda seva tatu zilizobeba hesabu za sacco kadhaa za matatu. Aliyeziweka alinakili moja akapata tatu, na jina halikubadilishwa. Usiku mmoja saa tisa ikaingia barua pepe: diski imejaa. Ya nani? Barua ilitaja jina la klasta peke yake. Jamaa wa zamu akaingia kwa anwani ya pamoja, na anwani ya pamoja kazi yake ni kukupeleka kwa mashine iliyo mzima. Akakuta diski ina nafasi tele. Akaona ni kengele ya uongo, akaifunga. Kufika saa kumi na moja alfajiri, seva inayoandika hesabu ilikuwa imekwama, na magari ya kwanza yalitoka steji bila rekodi. Makanga wawili walikatwa pesa ambazo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama walipeleka au la. Hilo la makanga ndilo lililoniuma, maana seva hurudi.

Kwenye mkutano mmoja akapendekeza tuziite Ofafa-1, Ofafa-2 na Ofafa-3. Nikakataa katakata! Tukaziita jericho, maringo na kunguni, na jina likatangulia kila kichwa cha barua, kabla hata ya neno "hatari", pamoja na anwani ya mashine yenyewe, si ile ya pamoja. Meneja alilalamika kwamba mteja hawezi kuandikiwa "Kunguni: diski asilimia 91".

Mteja alikuwa amezaliwa Kunguni. Hakuuliza kitu.